Nodi ya pili ikigoma kujiunga na klasta ya MariaDB Galera, someni kwanza logi ya nodi inayotoa data

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa nasimika klasta ya MariaDB Galera yenye nodi tatu, yaani seva tatu za kanzidata zinazotunza data ileile kwa pamoja, kwa ajili ya taasisi moja, na kazi niliyoipangia nusu siku ikanichukua siku mbili. Nodi ya kwanza iliwaka vizuri, nodi ya pili ikagoma kabisa kujiunga, na kila nilipotafuta msaada mtandaoni nikakuta watu wanaulizana swali lilelile na kupewa jibu lilelile la kufuta kila kitu na kusimika upya. Nilifuta na kusimika upya mara tatu bila mafanikio, kwa sababu kosa lilikuwa ndani ya faili la mipangilio nililokuwa nikilirudisha kila mara kama lilivyo. Naandika hapa hatua zote nilizopitia ili anayekuja nyuma yangu asizunguke kama nilivyozunguka, na naomba wenye uzoefu waongeze pale nilipopungukiwa.

Mazingira yalikuwa haya: seva tatu za Ubuntu 24.04, ambayo hazina yake ya programu inatoa MariaDB 10.11, zenye anwani 10.20.0.11, 10.20.0.12 na 10.20.0.13 kwenye swichi moja. Nilichagua mariabackup iwe njia ya kunakili data kutoka nodi moja kwenda nyingine, kwa kuwa njia ya rsync (programu ya kunakili mafaili) huizuia nodi inayotoa data isipokee maandishi mapya mpaka unakili uishe, na mfumo huu unatumiwa na watu mchana kutwa.

Kabla sijaeleza kosa lenyewe, tuelewane kwanza jinsi nodi inavyojiunga, maana ukishajua nani anafanya kazi gani, unajua pia kosa ukalitafute kwa nani. Nodi mpya ikiwashwa hupiga hodi kwa wenzake kupitia poti 4567, ambayo ndiyo njia ya mazungumzo ya klasta nzima. Ikikaribishwa, klasta humteua mwanachama mmoja kuwa mtoaji, na mtoaji huyo ndiye anayeendesha mariabackup kwenye mashine yake na kuisukuma data yote kwenda poti 4444 ya nodi mpya. Endapo nodi ilikuwa mwanachama tayari na ilitoka kwa muda mfupi tu, mtoaji hutazama kama akiba yake bado inayo mabadiliko ambayo mwenzake ameyakosa, na akiyakuta hutuma hayo pekee kupitia poti 4568. Poti 3306 tuliyoizoea ni ya wateja wa kanzidata, nayo haihusiki na hatua hizi.

Katika mpangilio huo, nodi mpya inafungua mlango na kungoja, na anayepika ni mtoaji. Chakula kisipofika mezani, aliyeketi akingoja hawezi kukueleza jikoni kumetokea nini. Hata hivyo wengi wetu, tukiona nodi mpya imeshindwa kuwaka, tunabaki kwenye nodi hiyohiyo tukisoma logi yake (kumbukumbu za matukio ya seva), na mimi nilifanya hivyo kwa muda wa saa sita. Nilichokuwa nakiona kwa amri ya journalctl -u mariadb kilikuwa mstari huu:

WSREP: Will never receive state. Need to abort.

Mstari huo unasema kwamba nodi imekata tamaa ya kupokea data, na hausemi kwa nini data haikuja. Niliwaza ukuta wa moto, nikauzima kwenye seva zote tatu, hali ikabaki vilevile. Niliwaza AppArmor, ulinzi wa Ubuntu unaozibana programu, nikaondoa na kurudisha vifurushi, nikafuta saraka ya /var/lib/mysql kwenye nodi ya pili, hali ikabaki vilevile. Asubuhi ya siku ya pili ndipo nilipoingia kwenye nodi ya kwanza, ile iliyokuwa nzima na isiyolalamika, nikafungua faili la /var/lib/mysql/mariabackup.backup.log ambalo mtoaji huliandika kila anapojaribu kutoa nakala. Mwishoni mwa faili hilo palikuwa na maneno haya:

Access denied for user 'nakala'@'localhost' (using password: YES)

Kumbe mtandao haukuwa na tatizo hata kidogo. Mtoaji alishindwa kuingia kwenye kanzidata yake mwenyewe.

Hapo nikashangaa zaidi, kwa sababu mtumiaji huyo nilikuwa nimemuunda kwa mkono wangu, nikampa haki za RELOAD, PROCESS, LOCK TABLES na BINLOG MONITOR kama inavyotakiwa tangu toleo la 10.5, na nilipojaribu kuingia kwa jina lake na nywila yake kwenye terminali niliingia bila shida. Nikataka kuhakiki nywila ambayo seva inaitumia kwa amri ya SHOW VARIABLES LIKE 'wsrep_sst_auth', lakini MariaDB huificha nywila hiyo na kuonyesha nyota tupu, jambo zuri kwa usalama ila kwa anayetafuta kosa linafunga njia. Ikabidi nilifungue tena faili la mipangilio na kuusoma mstari herufi kwa herufi. Ulikuwa umeandikwa hivi, ingawa nywila hii nimeibadilisha:

wsrep_sst_auth=nakala:Kisima#2019

Tazameni alama ya reli katikati ya nywila. Kwenye mafaili ya mipangilio ya MariaDB na MySQL, alama ya reli huanzisha maelezo ya pembeni hata ikiwa katikati ya mstari, na kila kinachoifuata hakisomwi. Seva ilikuwa inasoma nywila kuwa Kisima peke yake, na mimi kwenye terminali nilikuwa naandika nywila kamili. Dawa ni kuzungushia thamani yote alama za kunukuu, yaani wsrep_sst_auth="nakala:Kisima#2019", au kuchagua nywila ndefu yenye herufi na tarakimu tu. Mimi nilichagua nywila nyingine, nikabadilisha kwenye nodi zote tatu, nikaiwasha upya nodi ya kwanza kwa galera_new_cluster, amri ya kuanzisha klasta, kwa kuwa ilikuwa peke yake, kisha nikaiwasha nodi ya pili kwa systemctl start mariadb. Ilijiunga ndani ya dakika moja.

Nodi ya tatu nayo iligoma, lakini safari hii nilikwenda moja kwa moja kwenye logi ya mtoaji. Nilikuta anajaribu kusukuma data kwenda anwani ya 192.168.50.13, ambayo ni ya kadi ya pili ya mtandao tunayoitumia kwa usimamizi tu, na ambayo seva nyingine hazina njia ya kuifikia. Seva yenye kadi zaidi ya moja hukisia anwani yake yenyewe, na inaweza kukisia isiyofaa. Niliandika wsrep_node_address=10.20.0.13 kwenye mipangilio yake, na kosa lililokuwa tayari kunila siku nyingine likaisha kwa dakika kumi. Tangu hapo naandika anwani hiyo kwenye kila nodi, hata yenye kadi moja.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, ahsante sana kwa uzi huu. Mimi nimefungua logi ya nodi ya kwanza kama ulivyoelekeza, lakini sioni faili lolote la mariabackup.backup.log, na hakuna dalili kwamba nodi ya pili iliwahi hata kufika. Kwenye nodi ya pili nasoma "failed to reach primary view: 110 (Connection timed out)". Je, hapa nako nitafute kwa mtoaji?

Mwanzisha uzi

Hapana ndugu yangu, wewe hujafika kwenye hatua ya mtoaji. Ujumbe huo una maana kwamba nodi yako imepiga hodi kwenye poti 4567 na haikupata klasta iliyo hai ya kuikaribisha, kwa hiyo hakuna aliyeteuliwa kutoa chochote. Sababu ziko mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba nodi ya kwanza haikuanzishwa kwa galera_new_cluster, bali iliwashwa kwa systemctl start kama seva ya kawaida, nayo pia inatafuta klasta ambayo haipo. Ya pili ni kwamba kuna kitu kati yenu kinachozuia poti hiyo.

Kwanza ingia nodi ya kwanza na uulize SHOW STATUS LIKE 'wsrep_cluster_status'. Jibu likiwa Primary, klasta ipo, na tatizo lako ni njia. Kutoka nodi ya pili jaribu amri ya kupima poti, nc -zv 10.20.0.11 4567, ukiweka anwani yako, kisha uzingatie aina ya jibu unalopata. Ukikataliwa papo hapo kwa "Connection refused", mara nyingi njia ipo lakini hakuna programu inayosikiliza upande wa pili. Amri ikining'inia mpaka muda uishe, basi kuna ukuta wa moto unaozimeza pakiti kimyakimya, na ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu, ikiwa imewekwa kuzuia hufanya hivyo.

Nikutahadharishe jambo moja ambalo lilinichanganya mimi: usiipime poti 4444 kwa njia hiyo nodi zikiwa zimetulia. Poti 4444 hufunguliwa na nodi mpya kwa muda ule tu inapongoja data, na muda mwingine wote itakukatalia hata kama ukuta wa moto umeuruhusu. Kumbuka pia mwelekeo wake, kwamba mtoaji ndiye anayepiga hodi kwa nodi mpya, kwa hiyo ruhusa inatakiwa iwe kwenye ukuta wa moto wa nodi mpya. Kwa vile kila nodi siku moja itakuwa mtoaji na siku nyingine mpokeaji, fungua poti 4567, 4568 na 4444 kwenye zote, na uzifungue kwa anwani za nodi zenyewe tu.

Mchangiaji wa pili

Naongezea kwa wanaotumia Rocky Linux au AlmaLinux. Huko ukuta wa moto ni firewalld, na wenyewe haumezi pakiti bali unajibu, hivyo nc itakuambia "No route to host", na mtu asiyejua atakwenda kukagua rauta na swichi wakati njia ni nzima. Fungueni poti kwa firewall-cmd --permanent --add-port=4567/tcp, mfanye hivyo kwa zile nyingine mbili, kisha firewall-cmd --reload, kwa sababu bila amri hiyo ya mwisho mabadiliko ya kudumu hayaanzi kazi.

La pili ni SELinux, ulinzi wa mfumo unaoamua kila programu iruhusiwe kufanya nini. Maelekezo mengi yanasema izimwe moja kwa moja na kusahauliwa. Mimi naona si sahihi kwa seva inayobeba taarifa za watu. Ilegezeni kwa muda kwa setenforce 0, jaribuni kuiunga nodi, na ikikubali mtakuwa na uhakika kwamba kizuizi kilikuwa hapo. Kisha someni /var/log/audit/audit.log kuona ni kitendo gani kilikataliwa, mruhusu hicho, na mrudishe setenforce 1.

Mwanzisha uzi

Nakubaliana nawe kabisa kuhusu SELinux. Kizuizi kilichozimwa usiku wa kusimika mfumo, kwa uzoefu wangu, hakirudishwi tena.

Mchangiaji wa tatu

Kwangu hakuna kosa lolote linaloonekana, na ndiyo maana nimechanganyikiwa. Nodi zote tatu zimewaka, logi haina mstari wa hatari, lakini nikiandika data kwenye nodi ya kwanza haionekani kwenye nodi ya pili wala ya tatu. Nikiuliza wsrep_cluster_size, yaani idadi ya nodi kwenye klasta, napata 0 kwenye nodi mbili na 1 kwenye nodi moja.

Mwanzisha uzi

Ndugu, hali yako ni ya hatari kuliko ya sisi tulioona makosa, kwa sababu programu zikianza kuandika kwenye seva hizo utakuwa na kanzidata tatu tofauti na hakutakuwa na njia rahisi ya kuziunganisha. Tafadhali zuia maandishi kwanza.

Nodi zenye jibu la 0 hazijawasha Galera kabisa. Tangu MariaDB 10.1 kipengele cha wsrep_on huwa kimezimwa mpaka mwenyewe ukiwashe, na seva isipouona mstari wa wsrep_on=ON huwaka kama seva ya kawaida bila kulalamika. Inawezekana mstari umeuandika lakini seva haiusomi. Kagua jina la faili, maana kwenye saraka ya mipangilio seva husoma mafaili yanayoishia kwa .cnf pekee. Kagua pia ruhusa zake, kwani faili ambalo kila mtumiaji wa mashine anaweza kuliandika hupuuzwa kwa makusudi, na onyo lake hupita haraka mwanzoni mwa logi.

Nodi yenye jibu la 1 iko kwenye klasta, ila ni klasta yake peke yake. Amri ya galera_new_cluster hutumika kwenye nodi moja tu, pale klasta inapoanzishwa, na wengine wote huwashwa kwa systemctl start mariadb. Tena kuna jambo la Ubuntu na Debian ambalo huwapata wengi: kifurushi cha seva kikimaliza kusimikwa, seva huwashwa papo hapo, kabla hujaandika mipangilio yoyote. Ukija baadaye ukaandika mipangilio na kuita systemctl start, hakuna kinachotokea, kwa sababu ilikwishawaka. Izime kwanza, andika mipangilio, ndipo uiwashe.

Mchangiaji wa tatu

Nimekuta. Kwenye nodi ya pili na ya tatu faili niliita galera.conf. Nimelibadilisha kuwa galera.cnf, nimezizima seva zote mbili na kuziwasha moja baada ya nyingine, na sasa wsrep_cluster_size inasema 3 kote. Nimeandika jedwali la majaribio nodi ya kwanza na nimelisoma nodi ya tatu. Nashukuru sana, nilikuwa nimebakiza siku moja kabla ya kuwakabidhi.

Mchangiaji wa nne

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha uzi kuhusu rsync. Ni kweli kwamba inamfunga mtoaji muda wote wa kunakili, lakini siku ya kusimika kanzidata huwa tupu au ina megabaiti chache, na rsync haihitaji mtumiaji wala nywila ya kanzidata. Mimi huanza na wsrep_sst_method=rsync kwenye nodi zote mpaka klasta ikamilike, nikijua kwamba zikijiunga basi mtandao, poti na anwani viko sawa. Baada ya hapo nabadilisha kwenda mariabackup na kuipa nodi moja sharti la kunakiliwa upya. Ikigoma hapo, natafuta mahali pamoja tu, yaani mtumiaji, nywila, haki zake, au kifurushi cha mariadb-backup au socat kilichokosekana kwenye nodi mojawapo.

Mwanzisha uzi

Mkuu, umenizidi hapo na nakubali. Kama ningeanza na rsync, ndani ya dakika tano ningejua kwamba mtandao hauna kosa, na nisingeuzima ukuta wa moto bila sababu. Nitafuata utaratibu huo kwenye kazi ijayo.

Mchangiaji wa tano

Wakuu, nisaidieni haraka. Nilikuwa nimemaliza kusimika nodi zote tatu jana jioni, na usiku umeme ukakatika, betri za akiba zikaisha, seva zote zikazima kwa pamoja. Sasa hakuna hata moja inayowaka. Nikijaribu galera_new_cluster naambiwa "It may not be safe to bootstrap the cluster from this node". Je, nisimike upya?

Mwanzisha uzi

Usisimike upya, na usifute chochote kwenye /var/lib/mysql. Data yako ipo. Kila nodi inayozimwa kwa utaratibu huandika kwenye faili la grastate.dat namba ya badiliko la mwisho ililolipokea, na ile inayotoka ya mwisho huwekewa safe_to_bootstrap: 1. Umeme ukikatika ghafla hakuna anayewahi kuandika, hivyo utakuta seqno, yaani namba hiyo, ni -1 na safe_to_bootstrap ni 0 kote. Ndiyo maana kila nodi inakataa kuianzisha klasta, na inafanya vyema kukataa, kwa sababu ukiianzisha kwa nodi iliyoachwa nyuma, nodi nyingine zitanakili data pungufu na mabadiliko ya mwisho yatapotea.

Kwenye kila nodi endesha sudo -u mysql mariadbd --wsrep-recover, kisha utafute mstari wenye maneno "Recovered position". Baada ya nukta mbili za mwisho kuna namba. Linganisha namba za nodi zote tatu, chagua yenye namba kubwa kuliko nyingine, na kwenye nodi hiyo peke yake fungua grastate.dat na kubadilisha safe_to_bootstrap iwe 1. Ianzishe hiyo kwa galera_new_cluster, kisha ziwashe nyingine mbili kwa systemctl start mariadb, moja baada ya nyingine, ukiingoja ya kwanza ifike hali ya Synced (data yake imelingana na ya wenzake). Namba zikilingana kwenye nodi mbili, chagua yoyote kati ya hizo mbili.

Mchangiaji wa tano

Nodi ya kwanza imeleta 4182, ya pili 4185, ya tatu 4185. Mimi nilikuwa nataka kulazimisha ya kwanza kwa sababu tu ndiyo ya kwanza. Nimeianzisha ya pili, ya tatu imejiunga, na ya kwanza imejiunga sasa hivi. Zote ni Synced, na rekodi tatu za mwisho zilizoingizwa jana kabla umeme haujakatika zimo.